Tani Tisa za Tangazo

Kutoka Bullhead City, mji ulio ukingoni mwa mto Colorado, Barabara ya 68 ya jimbo la Arizona hupanda jangwani kwa kilomita kama 18 bila kupumzika. Wakati wa kiangazi joto la pale hupita nyuzi 40. Mpando huo unaitwa Davis Dam, kwa jina la bwawa lililo chini yake, na huko ndiko pikapu za Marekani zinakofanyia mtihani. Kanuni ya mtihani iliandikwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari, na namba yake ni J2807. Gari hufungwa tela lenye uzito ambao kiwanda kinadai litauvuta, kiyoyozi hufunguliwa hadi mwisho, kisha gari hupanda mlima wote bila mwendo kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa. Pikapu zenye tairi pacha nyuma husamehewa kidogo, zinaruhusiwa 56. Likifaulu hapo, na katika majaribio mengine ya kuondoka, kupinda na kusimama, kiwanda huchapa tarakimu yake kwenye tangazo bila haya.

Sina ugomvi na mtihani huo. Kabla yake kila kiwanda kilijipangia tarakimu kilivyopenda, na Toyota ndiyo iliyotangulia kuukubali, kwa pikapu yake ya Tundra ya 2011, wakati wakubwa wa Detroit bado wanatazamana. Ila kuna kipengele kimoja kidogo ambacho tangazo halikitaji: ndani ya gari la mtihani wanahesabiwa dereva na abiria mmoja, kila mmoja wa kilo 68. Kilo 68! Mstaafu wa Kimarekani wa uzito huo atafutwe kwa tochi. Na tarakimu kubwa kuliko zote kwenye katalogi kwa kawaida ni ya gari lisilo na pambo lolote, si lile linalong'aa mbele ya duka.

Mjomba ninayetaka kumsimulia nimemuunda mwenyewe, ila tarakimu zake nimezichukua kwa magari na matela ya aina inayouzwa kila siku. Ni mzaliwa wa Mombasa aliyekaa Texas miaka mingi kuliko aliyokaa Kenya, mhasibu kwa kazi yake, na mkewe alikuwa muuguzi. Walipostaafu waliamua kupangisha nyumba yao ya Dallas na kuishi barabarani nusu ya mwaka, hasa kwa sababu binti yao yuko Grand Junction, magharibi kabisa mwa Colorado, na ukweni si mahali pa mtu kukaa miezi mitatu akaendelea kuheshimiwa. Wakapenda tela moja: urefu wa mita 12 na nusu, sebule yenye kuta zinazosukumwa nje kwa mota, jiko la kupikia kweli, mashine ya kufulia, na chumba cha kulala kilichoinuka upande wa mbele. Katalogi ilisema likiwa tupu lina kilo 5,900, na likijazwa lisizidi kilo 7,257.

Matela ya namna hii, ambayo Wamarekani huyaita ya gurudumu la tano, hayafungwi kwenye mpira wa chuma nyuma ya gari. Shingo yake hupita juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye sahani iliyofungwa sakafuni mwa bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, na msumari mnene uitwao kingpini huingia katika taya za sahani hiyo. Dereva yeyote wa semitrela wa barabara ya Mombasa kwenda Malaba ataelewa bila kuchorewa. Faida yake ni kubwa. Tela refu halipigi mkia ovyo upepo unapovuma au basi linapolipita, na linapinda vizuri. Lakini utulivu huo unalipiwa na pikapu. Tela la mpira hulibebesha gari asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Hili la shingo hubebesha asilimia 20, mara nyingi hata zaidi, na 25 si ajabu. Uzito huo gari haliuvuti. Linaubeba, kama linavyobeba mifuko ya saruji.

Hapo ndipo kisa kizima kilipo, na hapo ndipo Mjomba alipopita bila kusimama.

Dukani alikutana na kijana mpole mwenye majibu tayari. Pikapu aliyoonyeshwa ilikuwa ya dizeli, milango minne, inayosukumwa na magurudumu yote manne, viti vya ngozi vinavyopasha joto, paa la kioo. Ni ya lile kundi ambalo Wamarekani bado wanaliita la robo tatu ya tani, jina la zamani ambalo leo halipimi kitu. Tangazo lilisema inavuta tani 9.

"Tela lako likijaa hadi mwisho ni tani 7 na robo," kijana akamwambia. "Unabaki na akiba ya karibu tani 2. Tena ukichukua pikapu kubwa kuliko hii, serikali ya Texas itakutaka leseni nyingine."

La leseni lilikuwa kweli, tena kweli ya kuchekesha. Texas inataka leseni ya daraja A, hata kwa mtu asiyefanya biashara, pale gari na tela lililozidi ratili 10,000 vinapofikisha pamoja, kwa uzito wa juu unaoruhusiwa, ratili 26,001. Pikapu ile iliruhusiwa ratili 10,000, tela ratili 16,000. Jumla ratili 26,000 kamili. Mjomba alikuwa amekwepa mtihani wa leseni kwa ratili moja, na mhasibu ni mtu wa kufurahia hesabu inayofunga hivyo. Akatia sahihi.

Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyemdanganya. Kila neno la muuzaji lilikuwa sahihi. Pikapu ilikuwa na uwezo wa kuvuta tani 9, na tela halikufika. Kilichokosekana ni swali moja ambalo muuzaji hakuulizwa na wala hakulipwa kulijibu: je, mgongo wa gari hili unabeba kiasi gani?

Jibu lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, karatasi ndogo yenye ukanda wa njano, inayoonekana mlango ukifunguliwa. Ilisema uzito wa watu na mizigo kwa jumla usizidi kilo 885. Basi. Gari la tani 9 la tangazo, mgongoni halikufikisha tani 1.

Inawezekanaje? Pikapu nyingi za kundi hilo husimamishwa na kiwanda kwenye uzito wa juu wa ratili 10,000, yaani kilo 4,536, kwa sababu ratili moja zaidi inaliingiza gari katika daraja lingine la serikali, lenye masharti mengine. Dari ikishawekwa, kila kinachoongezwa kwenye gari lenyewe kinapunguza mzigo. Dizeli za pikapu hizi, Cummins ya lita 6.7 kwa mfano, hukaribia nusu tani zenyewe, na injini ya petroli ni nyepesi zaidi kwa mamia ya kilo. Ekseli ya mbele ya kusukuma ina uzito. Paa la kioo lina uzito. Viti vyenye mota vina uzito. Kwa hiyo pikapu ileile, ikiwa na injini ya petroli na viti vya kitambaa, ingebeba mgongoni zaidi kuliko hii ya fahari. Mjomba alilipia injini kubwa kwa ajili ya tela zito, na injini hiyo ikaila nafasi ya tela kabla tela halijafika. Kejeli hii haimo kwenye tangazo lolote nililowahi kuliona.

Shingo ya tela lile, kwa mujibu wa katalogi, iliibebesha pikapu kilo 1,130 likiwa tupu. Yaani bila kijiko jikoni, bila tone la maji, bila Mjomba mwenyewe kukalia usukani, kibandiko kilikwisha kuzidishwa kwa karibu robo tani.

Jioni ya siku aliyotia sahihi, mpwa wake akapiga simu. Huyu ni kijana wa Fort Worth anayeendesha semitrela, lori la magurudumu 18, na alikuwa ametumiwa picha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Umeliona gari?"

"Nimeliona, Mjomba, ni zuri sana. Umesoma kibandiko cha mlangoni?"

"Linavuta tani 9. Tela ni 7 na kidogo."

"Sawa, Mjomba. Lakini shingo ya tela ina..."

"Mwanangu, karatasi zote nimezisoma. Nilikuwa nafunga hesabu za kampuni wewe bado unanyonya."

"Haya. Hongera, Mjomba. Mungu alibariki." Akasita kidogo, kisha akaongeza: "Kile kidude cha breki za tela kilicho chini ya usukani kina kishikio cha kubana kwa mkono. Ukipata shida yoyote, kibane polepole."

Kijana aliyelelewa vizuri hamwambii mjomba wake jambo mara mbili, hasa mjomba aliyekwisha kulipa. Alisema nusu, ile nyingine akaimeza, akampa angalau kishikio.

Siku ya kulifunga tela kwa mara ya kwanza, nyuma ya pikapu ilibonyea na pua ikainuka, hata usiku taa zikawa zinamulika matawi ya miti badala ya barabara. Usukani ukawa mwepesi. Wepesi huo si raha. Ni tairi za mbele zinazokanyaga lami kwa uzito pungufu. Fundi mmoja akamwekea mifuko ya hewa kati ya fremu na ekseli, ikajazwa upepo, gari likasimama sawa kama jipya. Mjomba akapumua.

Mifuko hiyo ina kazi yake na siidharau. Inanyanyua fremu na kurudisha taa mahali pake. Lakini haiongezi chuma kwenye ekseli, wala haigusi beringi, rimu, tairi au breki, na kibandiko cha mlangoni kinabaki kilekile. Ilichofanya kwa Mjomba ni kumwondolea ile dalili pekee aliyoweza kuiona kwa macho. Jirani mmoja kwenye kambi ya matela akampa ushauri mbaya zaidi: ahamishie mizigo nyuma kabisa ya tela ili shingo iwe nyepesi. Shingo ingekuwa nyepesi, ndiyo, na tela lingeanza kupiga mkia, kwa sababu uzito ule wa shingo ndio unaolituliza. Bahati nzuri mkewe alikuwa amekwisha kupanga makabati na hakutaka kusikia habari ya kupangua.

Wakaondoka mwezi wa Juni. Kutoka Dallas hadi Amarillo ni tambarare inayomfanya kila dereva ajione bingwa. Walipofika Raton, mpakani mwa New Mexico na Colorado, barabara ikapanda hadi mita 2,388, na pikapu ikaupanda mlima kana kwamba hakuna kitu nyuma yake. Dizeli yenye turbo haikosi pumzi mlimani kama petroli ya kawaida, ambayo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300.

"Unaona?" Mjomba akamwambia mkewe. "Tani 9!"

"Naona," mkewe akajibu. "Kupanda mchongoma, Baba Watoto." Nusu ya pili hakuisema. Mtu wa Mombasa hahitaji kumaliziwa.

Magharibi ya Denver, Barabara Kuu ya 70 inaingia milimani na kupanda hadi kwenye handaki la Eisenhower, mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka upande wa pili unashuka kwenda Silverthorne. Zaidi ya mita 700 za kimo zinateremkwa ndani ya kilomita kama 13, na pale penye ukali zaidi mteremko hufika asilimia 7. Mabango yanawaonya wenye malori wakague breki na washike gia ndogo. Pembeni zimejengwa njia za dharura zinazopanda, zilizojaa kokoto nene, za kulinasa gari lililokosa breki.

Sasa tazama yaliyokutana pale. Gari lenye tani moja ya ziada mgongoni. Breki za umeme za tela zilizorekebishwa Dallas tela likiwa tupu, kwa hiyo zikibana kwa uvivu na kuiachia pikapu kazi. Kitufe cha breki ya ekzosi, kile kinachoifanya injini ya dizeli yenyewe ilizuie gari, kikiwa hakijaguswa tangu siku ya kununua. Na dereva mwenye gia ya juu na mguu kwenye pedali, akikanyaga, akiachia kidogo, akikanyaga tena. Madereva wanaoteremka Kitonga kule Iringa, au Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wangemwambia kwamba gia ya kushukia ni ile ambayo ungepandia, na kwamba breki ya mguu ni ya kurekebisha mwendo, si ya kuuzuia mlima. Mjomba alikuwa amepita Salgaa mara kadhaa ujanani. Kwenye basi, amelala.

"Nini hicho kinanuka?" mkewe akauliza.

Ni breki. Pedali ilianza kushuka mbali kuliko kawaida. Wakaipita njia ya kwanza ya kokoto, na Mjomba alikuja kukiri baadaye kwamba aliiona vizuri, ila alidhani ni ya malori peke yake. Kufika chini, tairi ya nyuma upande wa kulia ikapasuka kwa mlio uliomfanya mkewe ainame. Vipande vya mpira vikachana ubavu wa bodi. Pikapu ikavutwa kulia, tela likaanza kuisukuma, na hapo mkono wa Mjomba ukakikumbuka kishikio. Akakibana polepole, kama alivyoambiwa. Tela likalivuta gari nyuma, likalinyoosha, wakasimama ukingoni mwa barabara wakiwa wazima, na moshi unatoka chini ya magurudumu.

Mpwa alipopokea simu hakusema lolote la "nilikuambia." Alimsomesha kwa simu kitufe cha breki ya ekzosi, jinsi ya kuziongezea nguvu breki za tela kwa kipimo, na gia za kushukia. Wakabadili tairi, wakasubiri vyuma vipoe, wakaimaliza safari hadi Grand Junction kwa mwendo wa kuudhi wengine. Kisha akampa amri moja: "Mjomba, kabla hujafanya kitu kingine, nenda mizani."

Mtu wa Pwani mizani anaijua. Mariakani lori halipiti bila kupandishwa, na likizidisha kwenye ekseli moja, hata kama jumla yake ni halali, lina kesi ya kujibu. Mjomba alikulia kwenye habari hizo. Lakini Marekani, katika majimbo mengi, tela la kuishi la mtu binafsi halisimamishwi kwenye mizani ya serikali. Malori yanaingia, wastaafu wanapita wakipunga mkono. Hakuna atakayekupima kwa lazima, na nadhani uhuru huo umewaponza watu wengi kuliko ubovu wowote wa magari. Mizani ya hiari ipo, tena tele. Vituo vingi vya malori vina mizani za CAT, kampuni ya Iowa iliyoanza 1977. Unalipa kiasi cha bei ya chakula cha mchana, unapanda na gari na tela kwa pamoja, na kila kundi la ekseli linapata tarakimu yake kwenye karatasi.

Karatasi ya Mjomba ilisema hivi: ekseli ya mbele ya pikapu kilo 2,250, ya nyuma kilo 3,260, ekseli za tela kilo 5,300. Jumla kilo 10,810. Akakaa mezani na kalamu, maana hesabu ni kazi yake. Gari na tela kwa pamoja vilikuwa chini ya kikomo chake, kwa hiyo jumla ilikuwa salama. Tela na shingo yake lilikuwa na kilo 6,800, chini ya kikomo chake na chini kabisa ya tani 9. Angeishia hapo angejipa alama zote. Lakini pikapu peke yake ilikuwa na kilo 5,510 badala ya 4,536. Ekseli ya nyuma ilizidi kikomo chake cha kilo 2,830 kwa kilo 430. Tairi zile mbili za nyuma, kila moja ya kubeba kilo 1,650 ikiwa na upepo kamili, zilikuwa zimebakiza kilo 40 kwa jumla, na hiyo ni barabarani palipo sawa, kabla ya mteremko, joto na breki.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza mpwa wake.

"Nilianza, Mjomba. Ukasema nilikuwa nanyonya."

Kuna watu watakaomtetea Mjomba. Watasema kibandiko ni karatasi tu, kwamba ekseli ya pikapu ile ni ndugu wa ile ya daraja linalofuata, na kwamba ratili 10,000 ni kikomo cha sheria, si cha chuma. Hoja hii haina upumbavu. Kwa baadhi ya magari ina ukweli mwingi, na tofauti ya madaraja hayo mawili mara nyingine ni springi na kidogo kingine. Lakini anayeitumia lazima ajue ni kipande gani kati ya springi, rimu, tairi, breki na beringi ndicho dhaifu kuliko vyote kwenye gari lake, na kinabeba kilo ngapi. Nikimkuta anayejua hayo yote, nitamwachia afanye atakalo. Wengi wanaosema "karatasi tu" hawajawahi kupanda mizani.

Mkewe alipendekeza wauze tela na kuchukua dogo. Lilikuwa pendekezo la busara, na mimi ningelikubali. Mjomba alikataa kwa sababu ya jiko, ambalo, nisisahau kusema, ni yeye aliyekuwa akipikia humo. Akarudi kununua pikapu nyingine kwa hasara ambayo hakuitaja hata kwa mkewe, na safari hii akaanza hesabu upande wa pili. Hakuchukua uzito wa tela tupu, maana hakuna anayesafiri na tela tupu. Alichukua kilo 7,257 za mwisho. Asilimia 25 ya hizo ni kama kilo 1,815. Akaongeza sahani ya kufungia kilo 80, yeye na mkewe kilo 170, jenereta na zana kilo 110. Jibu likaja kilo 2,175, na chini ya hapo hakutaka kuonyeshwa kitu.

Pikapu za dizeli za daraja linalofuata, liitwalo la tani moja, zenye tairi moja kila upande ziliishia kwenye kilo 1,700 hadi 1,900, na zikaondoka kwenye orodha. Zikabaki zenye tairi pacha nyuma, zinazobeba kilo 2,300 na kuendelea. Kati ya hizo akachagua yenye bodi ndefu, ya mita 2.4, kwa sababu kwenye bodi fupi pembe ya tela inaweza kuvunja kioo cha nyuma cha gari dereva akikata kona kali, isipokuwa awe na sahani ya kuteleza nyuma. Paa la kioo alilikataa kabla hajaulizwa.

Ule ukanda wa njano hakuutegemea tena, kwani kanuni inayoulazimisha haizibani pikapu zinazozidi ratili 10,000. Akamwomba muuzaji ruhusa ya kulipeleka gari kituo cha malori, likiwa na tangi lililojaa. Muuzaji akadhani anatania. Akalipima kwa pesa zake mwenyewe, akatoa uzito huo kwenye ule wa juu uliochapwa mlangoni, akapata zaidi ya kilo 2,400. Ndipo akauliza bei.

Mkewe hakulipenda. Lina upana wa karibu mita 2 na nusu nyuma, haliingii gereji ya nyumbani wala kwenye mashine ya kuoshea magari, na kupata nafasi sokoni ni ibada. Hayo yote ni kweli, na anayetaka tela la mita 12 na nusu ayahesabu kabla, si baada.

Pikapu mpya iliruhusiwa ratili 14,000. Ongeza 16,000 za tela, ni 30,000. Ile ratili moja ya muuzaji wa kwanza haikufua dafu tena, na Mjomba, katika uzee wake, akalazimika kufanya mtihani wa leseni ya daraja A. Wa kuandika aliupita. Wa kuendesha unafanywa kwa gari lenyewe na tela lake, na huwezi kujifunza barabarani bila mwenye leseni ya daraja hilo kukaa kando yako. Katika ukoo wote wa Texas mwenye leseni hiyo alikuwa mmoja.

Wakafanyia mazoezi kwenye uwanja wa kuegesha wa msikiti, asubuhi za katikati ya juma, pakiwa patupu.

"Mjomba, umekata kona mapema. Tairi za tela zimepanda ukingo. Rudia."

"Umeshasema hivyo mara mbili."

"Na ya tatu nitasema, Mjomba. Nyoosha kwanza, tazama kioo cha kulia, halafu rudia."